Pini ya Koko: titi la dada yangu lilivyopona Mutsamudu enzi za mamluki

Wakuu, habari za jioni humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Huwa nasoma, nacheka peke yangu jikoni, nafunga simu. Leo nimekutana na uzi wa yule dada aliyejifungua majuzi na analia kwa maumivu ya titi, na chini yake watu wamejaa wanamwambia akande kwa nguvu mpaka uvimbe ulegee. Nikashindwa kufunga simu.

Ninayoyaandika yalitokea na nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Majina nimeyabadilisha kwa sababu wahusika wengine wako hai na wanajua kusoma.

Kwanza mnijue kidogo. Ni Mkomoro, nimeolewa Tanga miaka mingi. Kiswahili nilianza kukisikia kwa bibi yangu, ambaye ujanani aliishi Unguja, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upandeupande mnivumilie. Maneno ya watu wa hadithi hii yalisemwa kwa lugha ya kwetu na Kifaransa kidogo. Nimeyageuza ili tuelewane.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kwa vijana wasiojua, mwaka 1978 waliingia nchini kwetu mamluki wa Kizungu, wakapindua serikali, halafu hawakuondoka. Wakageuka kuwa walinzi wa ikulu, nguo nyeusi, bunduki begani. Sisi watoto wa Moroni tulishawazoea kama mtu anavyomzoea mbwa mkali wa jirani. Unapita, ila unapita ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapo Moroni, na nilikuwa na haya za kupita kiasi. Mwalimu akiniuliza jina, naliangalia dawati kwanza. Nilichokiweza ni kuandika. Nilikuwa na shajara, naijaza kila siku, hadi mama kapika nini na nani kamkasirikia nani. Ndiyo maana mambo haya hayajanipotea.

Sasa familia. Asili yetu ni Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, ila baba alikuwa karani serikalini kwa hiyo tuliishi Moroni. Dada yangu, nitamwita Sitti, alibaki Mutsamudu kwenye nyumba yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Aliishi humo na mumewe na bibi yetu, mama yake mama.

Bibi kwa lugha yetu ni Koko. Koko wetu alikuwa mdogo wa mwili, unaweza kumbeba kama kapu la ndizi, lakini akikohoa ukumbini watu watatu vyumbani wanakaa sawa. Ndiye aliyetufundisha kula, kuoga, kusalimia na kuswali. Nilimpenda na nilimwogopa, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha viwili hivyo.

Sitti akajifungua mtoto wake wa kwanza, binti, tumwite Nuriya. Mama akapanda kindege akaenda kumlea mzazi. Mimi nikabaki na baba kwa ajili ya shule. Mimi napika, yeye anakula bila kusema chochote, na kwa baba hiyo ilikuwa sifa.

Siku moja mchana baba akarudi kutoka kazini, akakaa mbele ya sahani, hakugusa.

"Mama yako kapiga simu ofisini. Dada yako ana homa."

"Homa ya nini, baba?"

Akaangalia dirishani. "Ya kifua."

Alivyoliangalia lile dirisha nikajua si kifua cha kukohoa. Kuona haya ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Habari yenyewe tuliipata vipandevipande. Titi la kushoto la Sitti lilikuwa limevimba, jekundu, lina bonge gumu kwa chini, na homa ilimtetemesha. Daktari wa kule alikuja, akampa vidonge na homa ikashuka, lakini bonge lilibaki palepale. Daktari akasema atarudi baada ya Ijumaa. Akikuta linageuka usaha, itabidi apasue.

Juu ya hayo, wazee wa nyumba walisema maziwa ya upande ule yameharibika, mtoto asipewe. Na kila asubuhi shangazi mmoja mwenye mikono ya kutwanga alikuwa anamkanda Sitti kwa kitambaa cha moto na mafuta ya nazi, anaminya kwa nguvu ili uchafu utoke.

Sitti alimwambia mama jambo moja tu. Kwamba anaogopa kisu, lakini anaogopa zaidi titi likikauka na mwanawe akakua kwa maziwa ya kopo wakati mama yake yuko hai.

Mama akamalizia simu kwa kusema: "Mwambie Echati apande kwa Bweni Zaliha."

Echati ni mimi. Na Bweni kwetu ni kama mnavyosema Bi.

Bweni Zaliha alikaa Mvouni, kijiji cha juu, ukitoka Moroni unapanda mlima. Alikuwa mmoja wa Wakomoro waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka 1977 baada ya wenzao wengi kuuawa kule. Waliporudi, watu wetu wenyewe waliwacheka, wakawapachika jina la ndege iliyowaleta kama vile hawakuwa na majina. Mama yangu hakuwacheka. Alimpa Bweni Zaliha godoro na sufuria, akakaa naye barazani wiki nzima mchana kweupe ili majirani waone.

Kule Majunga alisomea kazi ambayo Wafaransa huita kine. Anatibu kwa mikono, mazoezi na mashine, siku hizi wenyewe mnaita fiziotherapia. Hospitali ya Moroni ikamchukua. Wagonjwa wake walikuwa wazee waliopigwa na kiharusi, watoto wa polio, na mara mojamoja mamluki walioumia wakiruka na parachuti. Alikuwa akisema: "Bunduki wanabeba wenyewe, magoti wananiletea mimi."

Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo Bweni. Sitti anaumwa."

"Marahaba. Wapi?"

Nikaliangalia ungo.

"Echati, nimeuliza wapi. Hapa si mahakamani."

Nikajionyesha kwa kidole, hapa.

"Hapo pana jina."

"Titi," nikasema. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiye mama.

"Umeona? Paa halijaanguka. Haya, mtoto anaendelea kunyonya upande huo?"

"Wamemkataza."

Ungo ukawekwa chini. "Nani kamkataza?"

"Koko."

"Ah," akasema, akaushika tena ungo. Koko alikuwa anajulikana mpaka Mvouni.

Bweni akaomba ruhusa kazini, na akaazima mashine. Ilikuwa boksi kama kisanduku cha nguo, ina saa ya kuzungushia, waya mrefu, na kichwa kama cha bomba la mvua. Inatoa mawimbi yanayoingia ndani ya nyama na kulegeza uvimbe. Wiki ile shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, kwa hiyo baba akaniambia niende nikamsaidie mama.

(Subirini kidogo, chungu kinachemka.)

Nimerudi. Tulikuwa uwanja wa ndege.

Pale kwenye meza ya ukaguzi alisimama mamluki mmoja, shingo imeungua na jua. Akafungua boksi.

"Nini hii?"

Bweni akamweleza kwa Kifaransa chake kizuri cha Majunga kwamba ni mashine ya matibabu, inatoa sauti ambayo sikio halisikii.

Wakuu, ukitaka kumtia wasiwasi askari anayetafuta mitambo ya siri, mwambie una mashine ya sauti isiyosikika.

"Kwa hiyo inarusha mawimbi," akasema.

"Inarusha ndani ya mwili."

Hakuridhika. Akanigeukia mimi. Labda aliona mtoto hatamdanganya. "Wewe. Ya kutibu nini?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Wafanyabiashara wa soko la Volo Volo na mafurushi yao, na fundi wangu, yaani mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na mkewe. Nikamwangalia Bweni aniokoe. Bweni alikuwa anaiangalia dari kama mtu anayesoma tangazo.

Nikasema kwa sauti ndogo kama ya mbu. Ni ya titi la dada yangu. Limevimba na mtoto hanyonyi.

Yule mzungu akaanza kuwa mwekundu shingoni, wekundu ukapanda mpaka kwenye paji. Nyuma yangu nikamsikia fundi ameanza kuvuta uradi kwa sauti, ambao sekunde moja kabla hakuwa anauvuta. Askari akalifunga boksi taratibu kama amelifungulia mtu mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

Nilidhani tumepita. Lakini mkubwa wake akaja, akaona waya na saa, akasema kitu cha namna hiyo hakitoki bila kibali cha juu. Mashine ikasukumwa chini ya meza, ikakaa na redio ya mtu na pasi ya umeme.

Yule wa shingo nyekundu akatuambia chinichini, bila kutuangalia: "Aendelee kumnyonyesha. Mke wangu aliambiwa hivyo."

Ndani ya ndege nililia. Bweni Zaliha akanipa leso yake.

"Hata yule anajua. Amebaki Koko wako tu."

"Na mashine, Bweni?"

"Unalilia boksi? Mashine nilikuwa nampelekea Koko. Wazee wakiona waya wananyamaza, mimi nafanya kazi yangu. Titi lenyewe linataka mikono."

"Sasa Koko tutamfanyaje?"

"Sasa Koko ni wako."

Nikadhani ananitania.

Mutsamudu ile ya zamani haiingii gari. Mnashuka chini, mnapanda kwa miguu kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Koko alikuwa mlangoni. Tukambusu mkono. Akamkagua Bweni toka juu mpaka chini, akaona hajavaa shiromani, ile nguo yetu nyekundu na nyeupe ambayo mwanamke wa Nzwani hatoki bila hiyo.

"Huyu ndiye wa Majunga?"

"Ndiye, Koko," nikasema.

"Na mashine iko wapi?"

"Imekamatwa uwanjani."

"Basi amekuja kula."

Bweni akacheka, akavua viatu. "Nimekuja kula pia, Koko. Sifa za mataba yako zimefika Mvouni."

Nikamwona Koko anaelekea jikoni kuangalia hayo mataba, kisamvu chetu cha nazi, kama yameiva sawasawa.

Chumbani Sitti aliponiona alianza kulia bila sauti. Dada yangu alikuwa mtu wa kuimba akifagia. Sasa alikuwa amekaa wima kama ubao, liwa la urembo limemkauka usoni, mkono wa kushoto ameutenga na mwili ili usiguse. Titi lilikuwa linang'aa. Lina alama za vidole.

Bweni akawaomba shangazi wote watoke, tukabaki mimi na mama. Kitu cha kwanza alichokigusa hakikuwa titi. Kilikuwa mkaja.

Mnaoujua mkaja mnajua, ile nguo anayofungwa mzazi tumboni. Wa Sitti ulikuwa umekazwa kutoka nyongani mpaka juu kabisa, ukingo wake umelikaba titi kwa chini, palepale penye bonge. Bweni akaulegeza, akaushusha.

"Mkaja ni wa tumbo," akasema. "Huku juu kuna njia za maziwa. Ukiziba njia, gari zinasimama."

Kisha kitambaa cha uvuguvugu, kutoka kwenye beseni nililoshika mimi, kwa muda mfupi tu. Halafu mikono.

Nilitegemea kukandwa. Kumbe alikuwa anapapasa, taratibu, kutoka penye uvimbe kuelekea kwapani, kama unampapasa paka aliyelala na hutaki aamke. Ngozi ndiyo ilikuwa inasogea, nyama hapana.

Sitti akasema, "Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nikupige?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Halafu Bweni akasema aletwe mtoto. Akamlaza mtoto namna ambayo sijawahi kuiona, miguu imeelekea nyuma ya mama yake, ili kidevu kielekee kwenye bonge. Alisema upande wa kidevu ndio unaovutwa zaidi. Sitti aliuma ncha ya leso. Nuriya akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Tukasikia anameza.

Baada ya hapo kitambaa cha maji baridi juu ya titi, na Sitti akalala kama mtu aliyezimwa.

Wazee wakaambiwa maziwa hayajaharibika. Koko akarudi jikoni kwake. Ila shangazi wa mikono ya kutwanga hakuitwa tena.

Kesho yake bonge lilipungua. Jioni likarudi. Kesho kutwa hivyohivyo, likishuka asubuhi, jioni limejaa. Ijumaa inakaribia. Bweni akawa anatembea chumbani amefunga mikono.

"Kuna kitu kinalijaza upya," akasema. "Leo sifanyi chochote. Leo naangalia."

Akakaa kwenye mkeka. Sitti akamchukua mtoto, akasema Bismillah, akamweka kulia. Mtoto akanyonya, akashiba, akageuzwa kushoto, akalamba kidogo, akalala. Baadaye akaamka. Bismillah, kulia. Akashiba. Kushoto akalamba, akalala. Mara ya tatu Bweni akauliza kwa upole.

"Sitti, na usiku ulianza wapi?"

"Kulia."

"Na jana?"

"Kulia. Si ndiyo mwanzo?"

Hapo nikaona mama anajishika mdomo.

Wakuu, sisi tumelelewa hivyo. Jambo la heri linaanza kulia. Unakula kwa kulia, unavaa kulia kwanza, msikitini unaingia na mguu wa kulia. Koko alitutia hayo tangu tunatambaa, na kati yetu Sitti ndiye aliyeshika zaidi. Basi tangu mtoto azaliwe hakuwahi hata mara moja kuanza kushoto. Nuriya alikuwa mlaji mdogo, anashiba upande wa kwanza, na kushoto kunabaki kumejaa, kukiongezewa na mkaja juu yake. Hakuna aliyekosea. Kila mtu alifanya la heri, na heri yote ikaenda upande mmoja.

"Basi sasa anza kushoto," Bweni akasema.

Sitti akamkumbatia mtoto. "Mwanangu aanze riziki yake kushoto? Bila Koko kusema?"

"Mama atasema," Bweni akamwangalia mama.

Mama akaziangalia kucha zake. Mwanamke yule aliyekaa barazani kukaidi mtaa mzima hakuweza kumwambia mama yake mzazi neno la namna hiyo.

"Nikimwambia mimi," Bweni akasema, "itakuwa wa Majunga wameleta mambo yao."

Halafu wote watatu wakaniangalia mimi. Nadhani hata Nuriya aliniangalia.

Ilikuwa inakaribia alasiri. Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kummiminia Koko maji ya udhu uani. Nikachukua birika. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa Sitti, maji yakawa yanamwagika kwenye miguu yake.

"Mimina vizuri, mtoto wewe. Unawaza mchumba?"

"Hapana, Koko."

Akaosha uso. Akaosha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Akanyoosha wa kushoto. Nikaacha kumimina.

"Koko," nikasema, "mkono wa kushoto usipooshwa, udhu umetimia?"

"Haujatimia. Fundi wako alikuwa anakufundisha nini kule?"

"Na kama maji yote yameishia kulia?"

Akabaki ameunyoosha ule mkono, unadondoka matone. Koko alikuwa na macho madogo, yakikutazama unajiona umesimama kwenye taa.

"Echati. Siku zote wewe husemi. Ukisema, kuna jambo. Litoe."

Nikalitoa. Nikataja titi, lile neno lenyewe, bila kuzunguka kifuani. Nikamwambia Sitti anaanza kulia kila mara kwa sababu anampenda Koko na anataka mtoto awe na baraka, na maji yanaishia kulia, na kushoto hakutimii. Na kwamba daktari anakuja na kisu.

Sikumwangalia. Niliangalia birika.

"Mimina," akasema.

Nikamimina. Akaosha wa kushoto polepole, akaenda kuswali. Alikaa juu ya mswala muda mrefu, mpaka nikaanza kuwaza kwamba nimeivunja nyumba.

Alipoinuka akaingia moja kwa moja chumbani kwa Sitti. Sote tukasimama.

"Nani kawaambia mumnyime mtoto haki yake ya kushoto?"

Bweni Zaliha akapata kikohozi cha ghafla. Mama akainama kupanga nepi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Koko akapeleka mkono kwenye mtandio wake, akachomoa pini. Pini ya kawaida, hii ya kufungia nguo. Akaichomeka kwenye bega la Sitti, la kushoto.

"Mtoto anaanza penye pini. Bismillah utasema, Mungu anasikia kote. Akimaliza, pini inahamia bega la pili, na akinyonya tena anaanza huko. Pini ndiyo itakayosema mwanzo uko wapi, si wewe."

Sitti alikuwa bado na wasiwasi, namjua. "Lakini Koko, kulia..."

"Pini utaihamisha kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi umeanza kulia."

Bweni Zaliha akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Koko, mashine yako inaishinda yangu."

"Na haikamatwi uwanjani," Koko akasema, akatoka kwenda kuangalia chungu chake.

Jioni ile bonge halikujaa. Kesho yake Bweni akapapasa tena, pini ikahama, ikarudi. Daktari alipokuja baada ya Ijumaa aliligusa titi kwa ncha ya kidole, akauliza mnampa nini huyu. Mama akamwambia: vidonge vyako, mikono ya huyu, na pini. Daktari akamwambia Sitti amalize vidonge vyote, na mkoba wake haukufunguliwa.

Sitti alianza kuimba tena akiwa bado kitandani. Vibaya, kama kawaida yake.

Siku ya kuondoka Koko alimvisha Bweni Zaliha shiromani kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga, akarudi nyuma kumwangalia. "Sasa unaweza kupita vichochoroni," akasema. Bweni alishuka ngazi zote zile ameinamisha uso, na mimi niliona ni kwa nini, nikageukia ukutani ili afute macho.

Moroni tulikwenda kuchukua mashine. Ilikuwa palepale chini ya meza, pasi ilishaondoka. Yule wa shingo nyekundu akanitambua.

"Na mtoto?"

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ya kwanza. Nikajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kwamba ananyonya, pande zote mbili.

Nimejifunza nini, wakuu? Kwanza, yule dada wa ule uzi, tafadhali usikande kwa nguvu. Usimwachishe mtoto upande unaouma. Angalia nguo unayovaa isije ikawa inakubana kwa chini. Kumbuka unaanza upande gani. Na ukiwa na homa, au wekundu unaosambaa, au bonge halishuki, nenda hospitali leo, usisubiri komenti zetu. Mimi si daktari, mimi nilishika beseni tu. Muulize na mtu wa fiziotherapia, wapo siku hizi, na wengi hawajui kwamba kazi hii nayo ni yao.

La pili ni la watu wenye haya kama mimi. Neno ulilolificha kwa aibu, kuna mtu mahali fulani anaumwa kwa sababu halijasemwa.

Koko ameshatangulia, Mungu amrehemu. Bweni Zaliha pia. Ile pini Sitti alinipa nilipojifungua hapa Tanga, ikanihamia mabegani kwa watoto wote. Binti yangu alipozaa alinionyesha kwenye simu yake app inayomkumbusha kushoto na kulia. Nikamwambia sawa mwanangu, ila hii haiishi chaji. Aliivaa.

Wiki hii Nuriya amenipigia kutoka Mutsamudu. Yuleyule. Mwanawe amejifungua, anataka kujua pini iko kwangu au kwa binti yangu. Iko kwangu. Ilikuwa imeshika kutu kidogo kwenye bawaba, nimeisugua kwa ndimu na majivu, sasa inafunga vizuri. Nimempata mtu anayesafiri.

Nimemwagiza mwenye kuibeba aitie mfuko wa kulia.

Haya, nimemaliza. Wenye bibi zao, niambieni kwenu mzazi alifungwa vipi na aliambiwa aanze wapi. Na kama yule dada yuko humu anasoma kimya kama nilivyokuwa mimi, aandike hata neno moja tu, tujue anaendeleaje.